Katuni iliyompa Huzuni usukani

Hakuna jini, hakuna mchawi, hakuna mama wa kambo, na hafi mtu. Msichana wa miaka 11 anahama na wazee wake kutoka Minnesota kwenda San Francisco kwa sababu baba anaanza kazi mpya. Lori la vyombo vyao halifiki, nyumba ni tupu na ina giza, pizza ya mtaani imewekwa brokoli, na skuli hana anayemjua. Kisa kizima ni hicho. Kwa kisa hicho Inside Out, filamu ya Pixar iliyoongozwa na Pete Docter akisaidiwa na Ronnie del Carmen, ilionyeshwa kwanza Cannes mwezi wa Mei 2015, na tarehe 28 Februari 2016 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Iliteuliwa pia kwenye tuzo ya mswada bora, jambo linalozipata katuni kwa nadra.

Hapa kwetu Zanzibar wengi tumeiona, na wengi tumeiona vibaya. Mtoto anawashiwa simu au televisheni baada ya magharibi ili mama apate nafasi ya kumaliza jikoni, na mtu mzima akipita anaona vidude vitano vya rangi rangi vinagombana, anacheka, anaendelea na shughuli zake. Mwishowe inabaki kichwani kama filamu ya kuchekesha inayofundisha watoto kuwa na furaha. Ukikaa nayo mpaka mwisho utaona inasema karibu kinyume chake. Ni dakika tisini na kitu za kuitetea huzuni.

Tuanze na hao watano. Sehemu kubwa ya filamu inatokea ndani ya kichwa cha msichana huyo, Riley, ambako kuna chumba chenye meza ya mitambo, na wanaoiendesha ni hisia zake: Furaha, Huzuni, Hofu, Hasira na Kinyaa. Kila linalompata Riley linageuka mpira wa kioo wenye rangi ya hisia iliyolitawala. Manjano ni Furaha, buluu ni Huzuni, nyekundu Hasira, zambarau Hofu, kijani Kinyaa. Usiku akilala, mipira ya siku ile inapelekwa kwenye ghala la kumbukumbu. Mipira michache ya thamani zaidi inabaki karibu na meza, na kila mmoja unashikilia kisiwa kizima cha tabia yake: kisiwa cha familia, cha urafiki, cha ukweli, cha mzaha, cha mchezo wa hoki ya barafu.

Kwa nini watano, si wanane wala ishirini? Waandishi walizungumza na wataalamu wawili wa saikolojia wa California, Paul Ekman na Dacher Keltner. Ekman ndiye aliyekwenda Papua New Guinea miaka ya 1960 na picha za nyuso, kwa watu wa Fore ambao walikuwa hawajazoea filamu wala majarida ya nje, akitaka kujua kama wataitambua hasira au hofu kwenye uso wa mgeni. Akarudi na hoja kwamba zipo hisia chache za msingi ambazo binadamu wote wanazo na wote wanazisoma usoni. Kwenye orodha yake mshangao ulikuwemo, lakini mchoraji akiuchora mshangao na hofu, macho ni yale yale na mdomo ni ule ule, kwa hiyo mshangao ukamezwa na Hofu. Huo ni uamuzi wa watengeneza filamu, si wa maabara, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujaenda kumwambia mwanao kwamba sayansi imethibitisha hisia ni tano.

Docter anaeleza kuwa wazo lilimjia nyumbani. Binti yake, aliyekuwa mtoto mwenye vituko, alipofika miaka 11 alinyamaza, akawa anajitenga, na baba akabaki kujiuliza kinaendelea nini mle ndani. Mzazi yeyote wa mtoto anayekaribia kubaleghe anaijua hali hiyo. Jana alikuwa anakusimulia mambo ya skuli mpaka unamwambia anyamaze, leo unamuuliza anajibu "hamna kitu" na mlango unafungwa. Cha kuvutia ni kwamba kwa muda mrefu waliokuwa wakisafiri pamoja katika hadithi walikuwa Furaha na Hofu. Miaka ilipita, hadithi ikagoma kusimama. Ndipo Docter akagundua kwamba watu anaowapenda zaidi maishani ni wale aliowahi kuhuzunika nao, Hofu akatolewa safarini na Huzuni akaingia. Bila ya badiliko hilo sidhani kama leo tungekuwa tunaizungumza filamu hii.

Kiini chenyewe kiko hapa. Mwanzoni Furaha ndiye kiongozi, tena kiongozi wa lazima. Kazi ya Hasira anaielewa, maana huyo humzuia mtoto asidhulumiwe. Hofu humwepusha na hatari, Kinyaa na sumu. Lakini Huzuni? Furaha hajui kazi yake. Anamchorea duara la chaki sakafuni na kumwambia kazi yako leo ni kusimama humu usitoke. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na hapo ndipo panapouma, kwa sababu mama wa Riley naye kafanya vile vile. Usiku mmoja anakuja kitandani kwa bintiye na kumshukuru: katika misukosuko yote hii umebaki kuwa mtoto wetu mwenye furaha, baba yako ana mzigo mkubwa, mimi na wewe tukiendelea kutabasamu tutamsaidia. Hakuna ukatili hata chembe katika maneno hayo. Ni sifa. Na ni mzigo unaomshinda mtoto wa miaka 11.

Fikiria familia inayohama kutoka Wete, Pemba, kuja Unguja. Baba kapata kazi Mjini, chumba kimepatikana maeneo ya Michenzani. Mtoto kaacha mashamba na vilima, kaacha bibi yake, kaacha wenziwe aliokuwa akisoma nao chuo cha Qur'ani tangu akiwa na juzuu amma mkononi. Anaingia darasa jipya, anafungua mdomo, wenzake wanacheka lafudhi ya Kipemba. Anarudi nyumbani macho mekundu. Sasa msikilize mtu mzima: "Nyamaza bwana, mtoto mkubwa halii. Huoni wenzio wanatamani kuja Mjini? Kesho nitakupeleka Forodhani ukale urojo." Kila neno hapo limesemwa kwa huruma, na urojo utaliwa kweli. Lakini hakuna aliyeuliza umemkumbuka nani. Furaha wa kwenye filamu angempa mzazi huyu mkono.

Riley anafika mahali hapo hapo. Siku ya kwanza skuli mwalimu anamwambia ajitambulishe. Anaanza kusimulia huku akicheka, anaeleza jinsi wanavyocheza hoki Minnesota, na huku ndani Huzuni keshautoka ule mduara na kuugusa mpira wa kumbukumbu ile. Manjano yanageuka buluu. Riley analia mbele ya darasa. Furaha anapojaribu kuufuta mpira wa tukio hilo, yeye na Huzuni wanafyonzwa nje ya chumba cha mitambo na kutupwa mbali, na meza inabaki kwa Hasira, Hofu na Kinyaa. Ndiyo maana mtoto aliyezuiwa huzuni mara nyingi haonekani mwenye huzuni. Anaonekana mkali, mwenye dharau, mwenye majibu ya mkato. Tunamwita mtovu wa adabu.

Kisha kuna tukio la Bing Bong, ambalo ningemwomba kila mwalimu wa skuli na kila ustadhi wa chuoni aliangalie hata kama hataki kuangalia filamu nzima. Bing Bong ni rafiki wa kubuni wa Riley alipokuwa mdogo, kiumbe mwenye sehemu ya tembo, ya paka na ya pomboo, mwili wake wa pipi ya pamba, akilia machozi yake ni peremende. Alikuwa na gari lake la kuchezea ambalo yeye na Riley walipanga kwendea mwezini. Wafanyakazi wa ghala wanalisukumia kwenye shimo la kusahauliwa. Bing Bong anakaa chini. Furaha, mwenye haraka ya kuwahi treni, anamtekenya, anamkunjia uso, anabuni mchezo wa kuonyeshana njia ya kituo. Hakuna kinachofanya kazi. Huzuni anakuja anakaa ubavuni mwake, anamwambia pole kwa kuchukuliwa gari lako, wamekuchukulia kitu ulichokipenda, kimekwenda, hakirudi. Furaha anashtuka: unamzidishia! Lakini Bing Bong anaanza kuzungumza, anakumbuka safari walizokuwa wakienda, Huzuni anamjibu kwamba bila shaka Riley alizipenda. Anamlalia begani, analia peremende zake, anajifuta, anasema sasa niko sawa, kituo kiko huku. Akainuka mwenyewe.

Dakika mbili hazifiki. Huzuni hakumpa ufumbuzi, hakumpa nasaha, wala hakumtajia mwenye matatizo makubwa zaidi.

Baadaye Furaha, akiwa peke yake ndani ya shimo, anaokota kumbukumbu moja anayoipenda, Riley akibebwa juu juu na timu yake. Anairudisha nyuma na kugundua jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kabla ya kubebwa, Riley alikuwa amekosa bao, amekaa peke yake kwenye tawi la mti analia. Wazazi walikuja kwa sababu walimwona analia. Timu ilikuja kwa sababu hiyo hiyo. Furaha anaelewa sasa kwamba Huzuni ndiye anayewaita watu. Machozi ni ishara ya nje, inayomwambia jirani kwamba huku panahitajika mtu.

Ajabu ni kwamba sisi tunalijua hili kuliko hao waliolitengenezea filamu, ila tunalijua kwa watu wazima tu. Ukifiwa Zanzibar hukai peke yako. Jamvi linatandikwa nje, wanaume wanakaa, wanawake wanajaa ndani, vyakula vinapikwa na majirani, siku tatu hakuna anayekwambia changamka. Khitma inasomwa, watu wanakuja kukaa tu, wengine hawana hata la kusema. Wala dini haikukataza machozi. Nabii Yakub alihuzunika juu ya mwanawe mpaka macho yakawa meupe, imo ndani ya Sura Yusuf. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofariki mwanawe mdogo Ibrahim, na sahaba alipostaajabu akamwambia hiyo ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kuchana nguo. Lakini mtoto wa kiume wa miaka tisa akilia kwa sababu paka wake amegongwa na gari tunamwambia acha kulia kama mwanamke, na hapo tunakuwa tumewatukana wawili kwa pamoja.

Turudi kwenye elimu, maana filamu inasifiwa sana kwa usahihi wake na sifa nyingine zinapita kiasi.

Kwanza, kumbukumbu si mipira. Filamu inaonyesha kwamba tukio linahifadhiwa kama lilivyo na unaweza kulicheza tena kama kanda. Utafiti wa miaka mingi unasema ubongo hulijenga tukio upya kila unapolikumbuka, kwa vipande, na hali uliyonayo sasa inaingia ndani yake. Ila hapa wachoraji walikuwa wajanja: mguso wa Huzuni unaobadilisha rangi ya kumbukumbu ya zamani ndio huo huo ukweli, umevaa nguo ya katuni. Ukihama Wete, hata Sikukuu uliyofurahi kule inaanza kukuuma. Siku yenyewe haijabadilika. Na lile la mipira kusafirishwa usiku lina msingi, kwani usingizi kweli husaidia kuziimarisha kumbukumbu. Wenye watoto wanaolala saa saba za usiku na simu usoni wachukue hilo.

Pili, lile suala la hisia za msingi lina mzozo. Lisa Feldman Barrett, mtafiti wa Marekani, ni miongoni mwa wanaompinga Ekman waziwazi. Anashikilia kwamba hakuna Hasira aliyekaa ndani akingoja zamu. Ubongo unasoma hali ya mwili, mapigo ya moyo, joto, tumbo, unalinganisha na uliyoyapitia na uliyofundishwa na jamii yako, kisha papo hapo unaiunda hisia. Kwa maoni yake uso pekee haukuambii mtu anahisi nini, na watu wa mahali tofauti hawazigawi hisia sawasawa. Mzozo haujaisha. Mimi naona picha ya watu watano mezani ina manufaa kwa mtoto hata kama si picha ya ubongo, kwa sababu inamwezesha kusema "leo Hasira ndiye aliyeshika usukani" badala ya kusema "mimi ni mbaya." Kati ya sentensi hizo mbili kuna tofauti kubwa ya malezi.

Tatu, Ekman na Keltner wenyewe, waliosaidia, waliikosoa filamu kwa kumchora Huzuni mzito, mvivu, wa kuburutwa mguu sakafuni. Walisema huzuni ya kweli huuamsha mwili ukabiliane na ulichopoteza, na huwavuta watu badala ya kuwachosha. Uzito ule, wa kutojisikia chochote, filamu inauonyesha kwingine na kwa usahihi wa kutisha: Riley anapopanda basi kutoroka nyumbani, meza ya mitambo inageuka kijivu, na hakuna hisia yoyote inayoweza kubonyeza kitu. Hiyo siyo huzuni. Ni pale ambapo hata huzuni imezimika. Mtoto akikaa hivyo kwa wiki kadhaa, hali vizuri, halali, hataki alichokuwa anakipenda, apelekwe kwa daktari. Kumsomea dua ni haki yake na hakuna anayewazuia, lakini mpeleke na kwa daktari.

Filamu ya pili ilitoka Juni 2024, chini ya uongozi wa Kelsey Mann, na ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Riley ana miaka 13, kengele nyekundu ya kubaleghe imelia usiku, mafundi wamevunja chumba, na wageni wamehamia: Wasiwasi, Kijicho, Haya, na yule mwingine aliyelala kwenye kochi na simu, amechoka na dunia yote, ambaye kila nyumba yenye kijana inaye. Riley anagundua kwamba marafiki zake wawili watakwenda skuli nyingine. Kwa mtoto wa Unguja au Pemba hili halihitaji maelezo. Matokeo ya darasa la sita yanapotoka, watatu waliokuwa wakikaa dawati moja wanaweza kutengana kwa siku moja, mmoja kachukuliwa mchepuo, skuli ya waliofaulu zaidi, wawili wamebaki, na mzee wa aliyebaki anasema "umeona mwenzio?"

Wasiwasi wa filamu hii si adui. Anapanga, anaona mbele, anataka Riley awe salama kesho. Shida yake ni kwamba kesho haina mwisho, na kadiri anavyokaa usukani ndivyo imani ya Riley kuhusu nafsi yake inavyogeuka kutoka "mimi ni mtu mwema" kuwa "mimi sifai." Mwishoni Riley anapigwa na mshtuko wa hofu uwanjani, kifua kinabana, pumzi hazitoshi, na Wasiwasi anazunguka meza kwa kasi kama kimbunga asiyeweza kujizuia. Kimwili ndivyo ilivyo. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kushika hatamu, haikomai mpaka mtu afike katikati ya miaka ya 20, ilhali zile zinazowasha hisia zinafanya kazi kwa nguvu tangu mapema. Kijana wa miaka 13 ana gari lenye mwendo na breki bado zinafungwa.

Ya pili haikupata Oscar. Mwaka 2025 tuzo ilikwenda kwa Flow, katuni ya Latvia isiyo na neno hata moja, kuhusu paka na mafuriko, iliyotengenezwa na watu wachache kwa programu ya Blender ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Vijana wetu wanaochora kwenye kompyuta, na wapo, walione hilo. Ngome Kongwe, kwenye tamasha la filamu la ZIFF, imekuwa ikionyesha filamu za Afrika na za nchi za jahazi, yaani za mwambao wa Bahari ya Hindi, tangu miaka ya 1990, na katuni ya Kiunguja inayomhusu mtoto wa humu humu ingepata watazamaji waliokaa mpaka kwenye ngazi.

Maana kuangalia filamu kama hizi kwa pamoja tumekupoteza. Wazee wanaikumbuka Majestic ya Vuga na Cine Afrique zikijaa kwa filamu za Kihindi, watu wakilia kwa sauti gizani bila ya kuona haya, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Leo ni kila mmoja na simu yake. Na lugha nayo inazuia, kwa sababu vichekesho vinapita haraka na mtoto anabaki kufuata rangi. Kwa Japani waliibadilisha hata ile brokoli wakaweka pilipili hoho za kijani zisizowasha, kwa vile watoto wa kule brokoli wanaila bila ya ugomvi. Akija mtu kuitia Kiswahili kwa ajili yetu, aweke mchunga, ile mboga chungu. Hakuna mtoto wa visiwa hivi atakayeuliza kwa nini Riley kakunja uso.

Kuhusu umri: walio chini ya miaka sita wataifurahia ya kwanza kama mchezo wa kukimbizana na hakuna ubaya, ila wengine huogopa shimo la kusahauliwa, kwa hiyo mtu mzima awepo chumbani. Miaka minane mpaka kumi na moja ndio wakati wake khasa, na ikifika kwa Bing Bong msiwahi kueleza, mwacheni mtoto aseme yeye nani kamsaidia na vipi. Ya pili ni ya waliokwisha kubaleghe au wanaokaribia, na hao waachiwe waangalie na wenzao. Baba akitaka kuiona aiangalie siku nyingine, na binti yake akimkuta anajifuta macho asiseme ni vumbi.